Picha za Shaba: Wachimbaji wa Katanga Katika Sanaa ya Video

Mgodi huacha kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya kampuni: mizani, mikataba na tani zilizosafirishwa. Ya pili ni ya wachimbaji, nayo aghalabu hupotea, maana mwenye sururu hakupewa kalamu. Insha hii yataka kuonyesha jinsi sanaa ya picha na video ilivyoanza kuiokoa kumbukumbu ya pili huko Katanga, katika Kongo, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi wa Dar es Salaam.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, uitwao leo Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Watu wa makabila mengi walikusanywa makambini, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha ya nyumbani. Desemba 1941 wafanya kazi waligoma wakidai mshahara, wakapigwa risasi na askari. Mwanzoni mwa 1967 serikali iliitwaa mali ya kampuni. Lakini katika miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka, na viwanda vingi vikabaki magofu.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliyasoma magofu hayo kama kitabu. Katika Mémoire, ya mwaka 2006, alitwaa picha za wafanya kazi zilizopigwa zama za ukoloni, akazisimamisha mbele ya viwanda vilivyochakaa. Waliokuwa hesabu ya kampuni wakawa mashahidi juu yake. Katika video yake ya 2017, Tales of the Copper Cross Garden, shaba yavutwa kuwa waya huku kwaya ya kanisa ikiimba. Mtazamaji huachwa atambue kwamba kiwanda na kanisa vilifundisha utii kwa pamoja. Wala si ajabu kwamba chama cha wasanii alichoshiriki kukianzisha, kilichoanza maonyesho yake mjini humo mwaka 2008, kiliitwa Picha, kwa lugha ya makambi yale yale.

Nasi tuna machimbo yetu. Huko Wazo, kaskazini ya Kinondoni, mawe ya chokaa yamechimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960. Na jirani yake, Kunduchi, wanaume kwa wanawake wamevunja kokoto kwa nyundo. Saruji imehesabiwa mfuko kwa mfuko. Mikono iliyovunja kokoto haikuhesabiwa. Wala haitakumbukwa, isipokuwa mwenye kamera aifikie kabla haijapumzishwa.