Msamiati wa ibada hauna hatimiliki

Wapo waumini wanaoshuku neno lolote linalonukia msikiti. Hebu basi na waondoe 'imani', 'dhambi', 'malaika', 'roho' na 'msalaba' katika mahubiri ya Jumapili, tuone kitakachosalia. Maneno hayo yote yametoka Kiarabu.

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, Kiswahili kilikuwa tayari kinatumiwa katika mambo ya dini na Waislamu wa pwani. Yeye, na baadaye Askofu Edward Steere kule Unguja, hawakuanza kubuni msamiati upya. Walichukua uliokuwepo, likiwemo 'Mungu', neno la Kibantu ambalo Waislamu wenyewe walilitumia.

Kuna waliokereka. Mmisionari Mjerumani, Karl Roehl, aliona Uarabu umezidi. Akaitafsiri Biblia akipunguza maneno hayo na kutia ya Kibantu. Tafsiri yake ilitoka 1937, lakini haikushika kote. Biblia ya Union Version ya 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri za Mombasa na Unguja, iliyabakiza maneno ya Kiarabu yaliyozoeleka. Ndiyo inayosomwa katika makanisa mengi hadi leo.

'Swala' ya shehe na 'sala' ya padri zina shina moja. Kinachotofautiana ni theolojia. Kwa hivyo anayetaka kuitakasa lugha ya kanisa anakata tawi alilokalia. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili ya Kiswahili cha kanisani iko pwani, kwa jirani Mwislamu.