Karti ya feza ya kujaza mbele: mambo ya kujua mbele ya safari ya inje

Wachuuzi wetu wa mashariki wanajua safari ya Dubai na ya Guangzhou vizuri sana. Zamani dola zilifungwa kiunoni, na mutu hakupata usingizi mupaka afike. Tena sheria ya Congo hairuhusu msafiri kutoka na noti zinazopita dola 10 000. Njo maana wengi sasa wanabeba karti ile inaitwa prepeye: unaweka feza kwanza, unatumia zile uliweka, basi. Mwizi akiipata, anafikia tu kile kiko ndani. Konti yako ya banki, kama iko, haiguswe.

Jambo moja dogo, lakini linaleta aibu: jina Visa juu ya karti ni la kampuni. Haifungulie mutu mupaka wa inchi yoyote. Viza ya safari unaitafuta kwingine.

Chukua karti ya dola, si ya franga. Karti ya franga inabadilisha feza kila mara unapolipa inje, na kila kubadilisha kunakula kitu.

Mtego mukubwa uko ku mashine ya kulipia. Uko Dubai, umenunua viatu vya dirhamu 1 000. Mashine inakuuliza: unataka kulipa kwa dirhamu ao kwa dola? Wengi wanafinya dola, sababu ni feza wanajua. Hapo wanapoteza. Ukichagua dola, ni upande wa muuzaji unaopanga bei ya kubadilisha. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 ni dirhamu 3,67 hivi. Kwa bei ile, viatu ni dola 272. Mashine ikikuhesabia 3,50, ni karibu dola 286. Kwa hiyo chagua feza ya inchi ile uko, hata kama mwenye duka anakuharakisha.

Kutoa feza ku mashine ya banki kuna bei yake, na mara nyingi sehemu moja ya bei ile haibadilike, utoe kidogo ao utoe nyingi. Tuseme ni dola 4 kila mara: ukitoa dola 50 mara sita, umelipa 24. Ukitoa 300 mara moja, umelipa 4. Uliza bei hizo ku gishe mbele ya kununua karti, pamoja na bei ya kujaza na ile wanakata kama karti inalala bila kazi.

Hoteli nazo ziko na desturi ya kufunga feza fulani kama rehani unapoingia. Hawajaichukua, lakini hauwezi kuitumia, na kuifungua kunaweza kupita wiki. Kwa mwenye karti ya kujaza ni shida, maana feza zake zote ziko pale. Lipa rehani kwa noti kama wanakubali. Hoteli zingine zinakataa kabisa karti za namna hii, vilevile wanaokodisha magari.

Kule China, soko nyingi zinalipwa kwa simu, kupitia Alipay ao WeChat. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha karti yake ya inje, lakini si kila karti ya kujaza inapita. Jaribu ukiwa bado nyumbani, na ubebe noti kidogo za akiba.

Linabaki swali la nani atakujazia karti ikiisha. Banki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, na za Bukavu mwezi uliofuata. Wengi walijifunza siku ile kwamba karti bila gishe ni plastiki tu. Mbele ya kuondoka, jua kama karti yako inajazwa pia kwa simu, ao kama ndugu wa muji mwingine anaweza kuijaza. Muachie namba ya kujazia. Kode ya siri usimpe, hata akiwa mama mzazi. Na simkadi ya Congo ibaki ndani ya simu, ikiwa imefunguliwa kwa kutumika inje: ukilipa ku intaneti, kode ya kuhakikisha inatumwa ku namba ile.