Chubwi

Chubwi ni kitu kizito, kwa kawaida cha risasi, kinachofungwa kwenye mshipi wa kuvulia samaki ili kuzamisha ndoano na chambo. Risasi ina uzito wa mara 11 hivi ya ule wa maji, na huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Katika Bwawa la Mtera, lililojengwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa Dodoma na Iringa, kambare hula chini matopeni, hivyo ndoano nyepesi haimfikii. Chubwi hufungwa kama shibiri moja juu ya ndoano, chambo kikabaki huru kuchezacheza. Ikizidi uzito, mvuvi hahisi samaki anapodonoa.

Wavuvi wa trauti, samaki aliyeingizwa katika Mto Gura nchini Kenya mwaka 1905, huuficha uzito ndani ya chambo chenyewe: shina la ndoano huzungushiwa waya wa risasi au shaba, kisha uzi na manyoya, lifanane na buu wa majini.

Risasi ni sumu, na kuiyeyusha karibu na watoto ni hatari kubwa. Mwaka 1987 Uingereza ilizuia chubwi nyingi za risasi kwa sababu bata maji walizimeza wakafa.