Kaya za Wamijikenda: Msitu Uliolindwa na Wenyewe

Katika pwani ya Kenya, kati ya mashamba ya mahindi na minazi ya Kwale na Kilifi, yamesalia mapande ya msitu mnene. Ndizo kaya za Wamijikenda. Mgeni hudhani ni pori ambalo halijaguswa, ilhali kuanzia karne ya 16 humo mlikuwa na vijiji vyenye maboma. Msitu uliachwa usimame kwa sababu uliwaficha watu wasionwe na adui, na fingo, yaani kago la uganga, ikazikwa kuulinda mji. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamehamia mashambani, lakini makaburi yalibaki, na miiko ya kutokata miti ikabaki nayo. Basi msitu huu ni kazi ya watu, na umeharibika pale ardhi ilipowatoka wale waliokuwa na sababu ya kuitunza.

Mwaka 1914, Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, walipoupinga utawala wa Waingereza kwa viapo alivyovihimiza mwanamke aitwaye Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliilipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti, maana ilitambua kwamba nguvu za wazee zilikuwa humo. Baadaye viwanja vya pwani vikagawiwa bila kauli ya wazee, na huko Diani hoteli zikazisogelea kaya za ufukoni.

Wapo wanaosema shida ni wingi wa watu wanaohitaji mashamba na kuni. Hitaji hilo ni la kweli, lakini kaya zilisimama mamia ya miaka kando ya wakulima haohao. Wengine huona sheria inatosha: tangu 1992 kaya zimetangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaingiza kadhaa katika Urithi wa Dunia. Hatua hizo zimewapa wazee hoja mbele ya serikali, ila hakuna askari wa kukesha katika kila kipande cha msitu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vijana hawaogopi tena miiko. Jibu liko Kaya Kinondo, ambako wenyeji huwatembeza wageni waliofungwa kitambaa cheusi kiunoni kama mwiko unavyotaka, na mapato hurudi kijijini. Huko kijana ana sababu yake mwenyewe ya kuushika mwiko.

Lakini miiko hiyo bado inawategemea wazee. Inatisha, basi, kwamba huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi chanzo kikiwa ugomvi wa ardhi. Anayetaka kuunusuru msitu aanze na uhai wa wazee hao na haki yao juu ya ardhi.