Haller Park: Ndege kama Mashahidi

Mwaka 1971, René Haller alipoanza kupanda miti hapa Bamburi, palikuwa jangwa la mawe lililoachwa na uchimbaji wa malighafi ya saruji. Katika aina 26 alizojaribu, tatu tu zilinusurika, mvinje ukiongoza. Majongoo wakaletwa kula majani yake makavu, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Je, pori lililotengenezwa na binadamu ni pori kweli? Twiga na viboko hawawezi kujibu, kwa kuwa waliletwa. Ndege wa porini wanaweza, maana hakuna ua unaowazuia. Mdiria anayepiga mbizi anathibitisha kwamba maji yana samaki wadogo. Korongo anayenyatia ukingoni anathibitisha hivyo hivyo.

Atakayepinga atasema ndege hufuata chakula tu, hata jalalani. Ni kweli, ndiyo maana tunakuomba usihesabu ndege pekee, bali utazame viota. Mnana akisuka kiota juu ya bwawa, amepata nyuzi za kusukia, tawi la kuning'inizia na utulivu wa kulea makinda. Jalala halimpi hayo yote. Hoja nzito zaidi ni kwamba mvinje wenyewe ni mgeni, wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki na Australia. Hatuikani. Lakini mizizi yake hurutubisha ardhi kwa naitrojeni, na bila kivuli chake miti ya kienyeji isingepata pa kuotea. Tazama mapema asubuhi, kimya, ukianzia kwenye mabwawa.