Waliomngoja Daktari

Televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1960 ilikuwa na mazoea ambayo leo yangemliza shabiki yeyote. Kipindi kikisharushwa, kanda yake ilifutwa na kingine kikarekodiwa juu yake. Kanda za video zilikuwa ghali, stoo hazikutosha, makubaliano na chama cha waigizaji yalibana marudio, na nani angetaka kutazama tena tamthilia ya mwaka juzi? Kwa mtindo huo BBC ilifuta mamia ya saa za vipindi vyake, zikiwemo sehemu nyingi za Doctor Who, hadithi ya msafiri aitwaye Daktari, anayekata anga na zama ndani ya kibanda cha simu cha polisi, cha rangi ya buluu, ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje.

Ilianza Jumamosi, 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Waingereza walikuwa na mengine vichwani, na wiki iliyofuata BBC ikalazimika kurudia sehemu ya kwanza kabla ya kurusha ya pili. Mtayarishaji, Verity Lambert, alikuwa amebakiza siku nne kutimiza miaka 28. Mwongozaji wa sehemu hizo za mwanzo, Waris Hussein, alizaliwa Lucknow, India. Fedha zilikuwa kiduchu, kwa hiyo ubunifu ukafanya kazi ya fedha: ili kupata mlio wa kile kibanda kikiondoka, fundi wa sauti Brian Hodgson alichukua ufunguo wa mlango wa nyumba ya mama yake, akaukwaruza kwenye nyuzi za piano kuukuu, kisha akauchezea mlio huo kwenye kanda mpaka ukawa si wa dunia hii. Mlio huo ungali unasikika hadi leo.

Mwaka 1966 mwigizaji mkuu, William Hartnell, alikuwa akidhoofika kiafya. Badala ya kuifunga tamthilia, waandishi wakaamua kwamba, kwa kuwa Daktari si binadamu, mwili wake ukichoka huvaa mwingine. Akaingia Patrick Troughton. Ujanja ule wa kujikwamua ndio uliokuja kuipa tamthilia hii maisha marefu, maana kila anayeondoka humwachia mwenzake nafasi bila hadithi kukatika.

Wakati BBC ikifuta, watoto na vijana majumbani walikuwa wakihifadhi. Hakukuwa na mashine za video za nyumbani, basi wengine waliweka maikrofoni ya rekoda mbele ya spika ya televisheni na kuwaamuru wazazi wanyamaze kwa dakika 25. Kwa sababu yao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Picha ndizo zilizobaki kutafutwa, na hapo ndipo Afrika ilipoingia. BBC ilikuwa ikiuza nakala za filamu nje ya nchi, nazo zilizunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Nyingine hazikurudi. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa za Troughton zilizokuwa zimepotea, za hadithi mbili, zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Moja ya hadithi hizo mbili, The Enemy of the World, ikawa imekamilika tena baada ya miaka 45.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1985 mkuu wa BBC1, Michael Grade, aliisimamisha tamthilia kwa miezi 18. Ilirudi imenyong'onyea. Mwishoni mwa 1989, bila tangazo rasmi la kifo, ikakoma. Tarehe 23 Novemba mwaka huo, siku ileile ilipotimiza miaka 26, Sylvester McCoy, Daktari wa wakati huo, aliitwa kurekodi maneno machache ya kuwekwa mwishoni mwa sehemu ya mwisho, ili angalau Daktari asiondoke kimyakimya.

Hapo mashabiki wakashika usukani. Kuanzia 1991 kampuni ya Virgin ilichapa riwaya mpya za Daktari, na ikakubali kusoma miswada ya watu ambao hawajawahi kuchapishwa. Mwaka 1996 Wamarekani walijaribu kwa filamu moja ya televisheni iliyopigwa Vancouver, Paul McGann akiwa Daktari. Waingereza zaidi ya milioni tisa waliitazama, Wamarekani hawakuichangamkia, na mambo yakaishia hapo. Mwaka 1999 kampuni ya Big Finish, iliyojaa mashabiki, ikaanza kutoa tamthilia za sauti zenye waigizaji walewale wa zamani.

Kundi hilo dogo, lililochekwa kwa kung'ang'ania maiti, lilikuwa shule. Russell T Davies, aliyeandika riwaya mojawapo ya Virgin mwaka 1996, ndiye aliyekabidhiwa kuirudisha tamthilia. Mchezo wa sauti wa Robert Shearman uliibuka upya mwaka 2005 kama sehemu iitwayo Dalek. Riwaya ya Paul Cornell ya 1995, Human Nature, ikawa hadithi ya televisheni mwaka 2007.

Marejeo yenyewe yalikuwa 26 Machi 2005, na watazamaji walikuwa karibu milioni 11. Davies alifanya jambo ambalo mashabiki wengi wasingethubutu. Aliifungua hadithi kwa binti muuza duka wa London, na akaisafisha historia yote kwa vita vilivyomaliza kabila zima la Daktari. Shabiki aliyejua kila kitu aliamua kwamba mtazamaji asidaiwe kujua chochote. Ulikuwa uamuzi bora kuliko roboti zote zilizofuata.

Tangu hapo mashabiki wakaingia hata ndani ya koti la Daktari. David Tennant aliipenda tangu utotoni. Peter Capaldi aliwahi kuandika barua ya kuisifu katika jarida la Radio Times mwaka 1974, akiwa bado mwanafunzi. Na mwaka 2023 akaingia Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992 na kukulia Scotland baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari.

Gatwa aliaga Mei 2025. Badala ya mrithi aliyetangazwa, mwili wa Daktari uligeuka ukawa na sura ya Billie Piper, aliyemcheza yule binti muuza duka wa 2005, na maandishi ya mwisho yakamtaja bila kusema anacheza nani. Miezi michache baadaye Disney ikajitoa kwenye ushirika wake na BBC wa kuitoa tamthilia hiyo. BBC ikasema Daktari ataendelea, na kwamba Davies ataandika kipindi maalumu cha Krismasi ya 2026. Mashabiki wakaanza kubishana: Piper ndiye Daktari, au ni mtego mwingine wa Davies?