Bima ya Afya kwa Mwanamke Mfanyakazi: Kipato, Hadhi na Haki

Bima ya afya ni utaratibu ambao watu wengi huchangia mfuko mmoja wangali wazima, ili atakayeugua atibiwe bila kuuza alichonacho. Katika msingi wake ni tendo la mshikamano. Hata hivyo, nchini Tanzania milango ya kuingilia mifuko hiyo imefuata kwa muda mrefu kipato cha mtu na nafasi yake katika jamii, na wanawake wafanyakazi huionja tofauti hiyo kwa namna ya pekee.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kwanza kwa ajili ya watumishi wa umma. Mchango wao ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mwajiri. Hivyo mwalimu wa kike hukatwa kwa kadiri ya mshahara wake, naye, mumewe na wategemezi wasiozidi 4 hupata matibabu.

Mama lishe hana mwajiri wa kumchangia nusu. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulipoboreshwa mwaka 2018, uliweka katika mikoa mingi mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Kwa mwenye mshahara kiasi hicho ni kidogo. Lakini kilitakiwa kwa mkupuo, tena kilikuwa kilekile kwa mwenye duka kubwa na kwa muuza maandazi anayeishi kwa mauzo ya siku. Kiwango kimoja kwa wote humlemea zaidi aliye chini.

Wapo pia wanawake wenye kadi kupitia ajira ya mume. Wanalima na kuchuuza mwaka mzima, lakini kinga yao inasimama juu ya kazi ya mtu mwingine. Ajira hiyo au ndoa ikikoma, kinga nayo huweza kukoma. Na yupo dada wa kazi, ambaye katika nyumba yenye kadi kwa kila mmoja, mara nyingi yeye peke yake hana. Mwanamke wa namna hii huahirisha kwenda hospitali, na padre huitwa kumpaka mafuta matakatifu wakati ugonjwa umekwisha kukomaa.

Papa Leo XIII, katika Waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea ujira wa haki. Mwaka 1963 Mtakatifu Yohane XXIII alihesabu matibabu, na usalama wakati wa ugonjwa na ujane, kuwa haki za binadamu. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba matibabu ya mfanyakazi yapatikane kwa urahisi, kwa gharama nafuu au hata bure. Basi bima ni deni la haki, si hisani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kumfikia kila mkazi na kuweka njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Nasi tuna sehemu yetu. Jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya WAWATA vinaweza kukusanya akiba ya kila wiki, ili mkupuo wa mwaka usimshinde mama yeyote. Na kila mwamini aliyeajiri dada nyumbani ajiulize kabla ya kuungama: akiugua leo, atatibiwa kwa kadi gani?